Khajuraho, Konark au Dilwara: ukiwa na safari moja tu, uende wapi?

Jibu langu ni Khajuraho. Nalitanguliza kwa sababu wengi wanaouliza swali hili hawana muda wa kuzunguka. Mmoja amemsindikiza mgonjwa India, upasuaji umekwisha salama, daktari kasema warudi baada ya siku tano. Mwingine ni mwanafunzi mwenye likizo fupi na nauli ya treni moja. Wote wamesikia habari za mahekalu ya kale yenye sanamu za wapenzi waliokumbatiana, wameona picha mbili tatu kwenye simu, na wanataka kujua picha zile ni za wapi na kama safari inalipa.

Inalipa. Tatizo ni kwamba sehemu zenyewe zimetawanyika. Khajuraho iko katikati ya India, jimbo la Madhya Pradesh. Konark iko pwani ya mashariki, jimbo la Odisha, kwenye Ghuba ya Bengal. Dilwara iko juu ya Mlima Abu, Rajasthan, karibu na mpaka wa Gujarat. Kwa treni, kutoka moja hadi nyingine unamaliza siku nzima au zaidi. Kinachozifanya zilinganishwe ni kwamba zote tatu zimetoka katika kipindi cha miaka kama mia tatu: hekalu la Lakshmana la Khajuraho liliwekwa wakfu mwaka 954, hekalu la kwanza la Dilwara mwaka 1031, na hekalu la Jua la Konark lilikamilika karibu na mwaka 1250. Konark ni ya Wahindu, Dilwara ni ya Wajaini (wafuasi wa dini ya kale ya India inayokataza kudhuru kiumbe chochote), na Khajuraho ina dini zote mbili, jambo ambalo ndilo lililonifanya niichague.

Nilisoma India miaka mitatu. Konark na Dilwara nimefika mara moja moja, Khajuraho mara mbili. Nianze na zile mbili ninazoziacha, kwa sababu kila moja ina mtu wake.

Konark: gari la jua, na twiga

Mfalme Narasimhadeva wa Kwanza wa ukoo wa Ganga wa Mashariki alimjengea Surya, mungu Jua, hekalu lenye umbo la gari la kukokotwa. Lina magurudumu 24 ya mawe, 12 kila upande, kila moja na kipenyo cha takriban mita 3, na mbele farasi 7 wanaovuta. Ukisimama karibu na gurudumu moja utaona kwamba spoku zake nene ni nane, nyembamba nane, na katikati ya kila spoku nene kuna kidani cha mviringo chenye picha ndani yake: mwanamke anajitazama kwenye kioo, watu wawili wako kitandani, mwingine anacheza ngoma. Kivuli cha ekseli kikianguka juu ya spoku hizo, waongozaji watakuonyesha jinsi ya kusoma saa.

Lakini jua kabla hujakata tiketi: hekalu hili unalizunguka, huliingii. Mnara mkuu ulianguka zamani, na kipande chake cha mwisho kiliporomoka karne ya 19. Kilichobaki kimesimama ni ukumbi wa mbele, nao Waingereza waliujaza mchanga wakauziba mwaka 1903 ili usianguke. Kwangu hili ni pungufu kubwa. Hekalu la aina hii ni safari ya miguu kutoka mwangani hadi gizani, kutoka ukumbi wa watu hadi chumba cha mungu, na pale Konark safari hiyo imekatwa mlangoni.

Sanamu za mahaba za Konark ziko wazi kuliko za pengine popote. Khajuraho utainua shingo. Hapa ziko usawa wa macho, nyingine kubwa kama mtu mzima, upande huu na upande ule. Jiwe lililotumika zaidi, khondalite, lina chembe kubwa, na upepo wa bahari umelila. Mtu wa pwani atalitambua jambo hili mara moja, maana ndivyo chumvi inavyokula kuta za nyumba za kale za kwetu. Nyuso nyingi zimefutika. Zimebaki mikono iliyoshikana viuno, mapaja, mgongo wa mwanamke aliyeegemea. Wapo wanaosema uharibifu huo umeongeza uzuri. Mimi nilihuzunika, kwa sababu katika sanamu hizi uso una kazi kubwa kuliko kiungo kingine chochote, na nitaeleza kwa nini nikifika Khajuraho.

Kuna vitu viwili ambavyo vingenirudisha Konark kesho. Cha kwanza ni wanawake wapiga ngoma walio juu ya paa la ukumbi, kwenye ngazi zake za juu. Ni wakubwa, wamesimama wenyewe pasipo kuegemea ukuta, mmoja ana upatu, mwingine filimbi, mwingine ngoma ya kuning'iniza shingoni. Wametulia kama watu waliosikiliza muziki wao miaka mia nane bila kuuchoka.

Cha pili ni twiga. Mwongozaji niliyempata alinikimbiza moja kwa moja kwenye jozi za wapenzi, akidhani ndizo nilizoziendea. Nilimwomba anipeleke upande wa kusini, kwenye ukanda wa chini wa msingi. Pale kuna mfalme amepanda tembo, na mbele yake wamesimama watu waliomletea mnyama mwenye shingo ndefu, ambaye watafiti wamemtambua kuwa twiga. India haina twiga. Basi huyu alivuka Bahari ya Hindi, au angalau sura yake ilivuka kwa maneno ya mabaharia, katika karne ileile ambayo Kilwa ilikuwa inapanda kwa biashara ya bahari. Nilichuchumaa mbele yake muda mrefu. Ni mdogo, kiganja kimoja kinamfunika, na kila mtu anampita.

Chagua Konark ikiwa unapenda bahari, ukiwa na afya ya kutembea juani, na ukitaka kuunganisha na mji wa Puri ulio kilomita 35 tu. Uwanja wa ndege uko Bhubaneswar, kama kilomita 65. Mwanzoni mwa Desemba kuna tamasha la ngoma za kale, na hekalu likiwa nyuma ya jukwaa. Ukienda na wazazi au wakwe, waambie mapema watakachokiona, maana hakuna kona ya kuwapitisha wasikione.

Dilwara: marumaru, na bwana harusi aliyegeuza gari

Nilikwenda Dilwara na mama yangu. Alikuja Ahmedabad, mji wa Gujarat, kuondolewa mtoto wa jicho, na daktari alipomruhusu tukapanda treni hadi Abu Road, kisha kilomita 28 za kupanda mlima kwa gari. Kwa nje hakuna kitu: kuta nyeupe tupu, kama ghala. Mama aliniuliza kama tumepotea.

Ndani alinyamaza. Hekalu la Vimal Vasahi lilijengwa na Vimal Shah, waziri wa mfalme Bhima wa Kwanza wa Gujarat, mwaka 1031. Ni ua uliozungukwa na vyumba vidogo zaidi ya 50, kila kimoja na sanamu ya mwalimu wa Kijaini aliyeketi kwa taamuli, na katikati ukumbi wa nguzo wenye kuba. Kuba hilo limechongwa mduara ndani ya mduara: tembo, farasi, wachezaji, kisha miungu wa kike 16 wa elimu wamesimama kama miale, na katikati kabisa shada la marumaru linaning'inia. Marumaru yamekunwa hata yamekuwa membamba, mwanga unapenya. Masimulizi ya pale yanasema mafundi walilipwa kwa uzito wa vumbi walilolikuna. Mama, ambaye ameshona kofia za vito maisha yake yote, aliinua lile jicho lake jipya akatazama dari kwa muda, kisha akasema: "Mwanangu, hii siyo kazi ya tindo. Hii ni sindano."

Sijapata kusikia maelezo mazuri kuliko hayo. Mkono wa Dilwara ni mkono wa mshonaji. Wacheza ngoma kwenye nguzo wamepinda viuno, vifua vimejaa, miguu imevuka, lakini jicho linakwama kwenye vidani, mikufu na mishipi kabla ya kuufikia mwili. Uzuri upo, joto halipo.

Na wala halikukusudiwa kuwepo. Hekalu la pili, Luna Vasahi, lilijengwa mwaka 1230 na ndugu wawili mawaziri, Vastupala na Tejahpala, kwa heshima ya Neminatha, mwalimu wa 22 wa Wajaini. Kwenye mojawapo ya dari zake kuna msafara wa harusi. Neminatha anakwenda kumwoa Rajimati. Wapo wapiga ngoma, wapo wapambe, na zizini wamefungwa wanyama wa kuchinjwa kwa karamu. Akavisikia vilio vyao. Akauliza ni vya nini, akaambiwa, akageuza gari palepale, akaacha harusi na ufalme, akaenda mlimani Girnar kuishi kitawa. Yote hayo yako juu ya kichwa chako, madogomadogo, yanasomwa kama mistari ya kitabu. Wanyama wamechongwa kwa upole ule ule waliopewa watu.

Kwa hiyo anayekwenda Dilwara kutafuta sanamu za mahaba atakuwa amekosea mlima. Akienda kuona jinsi watu wa zama zilezile, wenye mafundi wa kiwango kilekile, walivyoyatazama mahaba na kuyapa kisogo, hatapata pahala pazuri zaidi. Ila asidhani ndio mtindo wa Wajaini wote: kule Ranakpur, saa chache kwa gari, karibu na lile hekalu kuu la karne ya 15 lenye nguzo 1,444, kuna hekalu dogo la Parshvanatha ambalo kuta zake za nje zina wapenzi.

Masharti ya Dilwara ni magumu na ni vizuri kuyajua mapema. Wasio Wajaini huingia kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi na mbili jioni. Simu na kamera huachwa nje, na vitu vya ngozi pia: mkanda, pochi, kamba ya saa. Wanawake walio katika siku zao huombwa wasiingie. Kukosa picha kuliniudhi siku ile. Baadaye niligundua kwamba ndiyo dari ninayoikumbuka vizuri kuliko zote.

Chagua Dilwara ikiwa uko Ahmedabad kwa matibabu, ukiwa na mtu mzima au watoto, au joto limekushinda, maana mlima uko zaidi ya mita 1,200 juu na kuna ubaridi. Aliyewahi kulitazama hekalu jeupe la Wajaini la Mombasa, lililojengwa mwaka 1963, atakuwa amekwisha kuonja mtindo huu. Watu walioleta dini hiyo pwani yetu walitoka Gujarat, na huko ndiko mtindo ulikokomaa.

Nyingine mbili, kwa haraka

Mwanafunzi wa Bengaluru, kusini mwa India, asihangaike kuja kaskazini. Aende Belur na Halebidu, umbali wa saa nne tano. Mahekalu yale ya ukoo wa Hoysala, la Belur likiwa la mwaka 1117, yamechongwa kwa jiwe laini la kijivu ambalo huwa gumu likishakaa hewani, ndiyo maana hereni na kucha bado zinaonekana. Mafundi wake walitia majina yao chini ya kazi, jambo adimu sana India, na wanawake walioinama chini ya paa, mmoja na kioo chake mkononi, wanashindana na wa Khajuraho bila aibu. UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2023. Na aliye Ahmedabad mwenye siku moja tu, pasipo kulala, aende Modhera, hekalu la jua la miaka ya 1020 lenye bwawa la ngazi mbele yake. Nusu siku inatosha.

Khajuraho: mwili kwenye kiungo

Jina linatokana na kharjura, yaani mtende. Wafalme wa ukoo wa Chandela walijenga hapa kwa karibu miaka mia, wengi wao kati ya 950 na 1050. Inasimuliwa kwamba mahekalu yalikuwa 85. Leo yamebaki ishirini na kitu, katika makundi matatu: magharibi, mashariki na kusini. Yanasimama kwenye majukwaa marefu ya mawe, hayana ukuta wa kuyafunga, na kwa mbali yanafanana na vilima vilivyosogezwa pamoja.

Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipita hapa miaka kadhaa baadaye. Aliona bwawa kubwa lililozungukwa na mahekalu, na watawa wenye nywele ndefu zilizosokotana, ambao kwa kufunga rangi zao zilikuwa zimegeuka njano. Akaandika kwamba Waislamu wengi wa pale waliwafuata kujifunza kwao. Mwingereza T. S. Burt alipoletwa na wachukuzi wa machela mwaka 1838, malalamiko yake yalikuwa kwamba mchongaji ametia joto zaidi ya lililohitajika. Nadhani wengi wetu tunafika na macho ya Burt. Yafaa kuyapa mawe yale siku nzima yayabadilishe macho hayo.

Anza na Kandariya Mahadeva, hekalu la mungu Shiva la karibu mwaka 1030. Mnara wake una mita 31, nao umejengwa kwa vinara vidogo 84 vilivyopandana, kidogo juu ya kikubwa, mpaka jicho linasahau kwamba ni jengo. Mawe yalipachikwa bila chokaa. Unapanda ngazi, unapita kibaraza, unaingia ukumbini. Pembeni kuna roshani zenye baraza za mawe, mtu anaweza kuketi na kuegemea, na mwanga unaingia hapo. Kisha mwanga unapungua, unapungua, hadi chumba cha ndani ambacho hakina dirisha. Kwa Kisanskriti chumba hicho kinaitwa chumba cha mimba. Hilo ndilo lililokatwa kule Konark, na hapa ungali unaweza kulitembea.

Sasa toka nje uzunguke. Kuta zimefungwa mikanda mitatu ya sanamu, kila sanamu chini kidogo ya mita moja. Alexander Cunningham alizihesabu katika karne ya 19 akapata 872 kwenye hekalu hili moja, ndani na nje. Sehemu kubwa ni miungu, simba wa kubuni, na wanawake walio peke yao wakifanya mambo ya nyumbani kwao: mmoja anakamua maji nywele zake zilizolowa, mwingine amegeuka anajitazama mgongo, mwingine anaandika barua. Sanamu za watu wanaojamiiana ni sehemu ndogo sana ya hizo zote. Na hazikutupwa ovyo. Nyingi, na zile zilizo wazi kuliko zote, zimepangwa mahali pamoja: upande wa kusini na upande wa kaskazini, kwenye kipande cha ukuta kinachounganisha ukumbi wa watu na chumba cha mungu.

Hapa ndipo nilipoelewa Khajuraho, na sikuelewa kwa Kiingereza cha kibao cha maelezo, nilielewa kwa Kiswahili. Fundi yeyote wa nyumba anajua jengo hupasuka kwenye kiungo. Mahali pawili panapoungana ndipo pasipo na nguvu, ndipo panapohitaji kinga. Kwa kiungo hicho mafundi wa Chandela walichagua picha ya watu walioungana. Devangana Desai, mtafiti wa Mumbai aliyeyachunguza mahekalu haya kwa miongo, ameeleza kwamba ni mchezo wa maana mbili: kiungo cha jengo, kiungo cha miili, na nyuma yake kiungo cha roho na Mungu. Kwetu neno lenyewe limekwisha kuifanya kazi hiyo. Tunasema kiungo, tunasema maungo, tunasema kuungana, na hatuhitaji mkalimani.

Yapo maelezo mengine. Wengine husema wapenzi walichongwa kuzuia husuda na radi. Wengine kwamba ni mafundisho ya madhehebu ya siri. Wengine kwamba mahaba ni mojawapo ya malengo manne ya maisha ya Mhindu, pamoja na uadilifu, mali na ukombozi wa roho, hivyo hekalu lisingekamilika bila kuyaonyesha. Sioni kwa nini moja likatae jingine. Ila lile la kiungo ndilo pekee linaloeleza kwa nini picha ziko pale zilipo, na mimi humwamini anayeeleza mahali.

Chukua darubini ndogo, tafadhali. Bila darubini utaona mikono na miguu. Ukiwa nayo utaona nyuso. Kwenye ukuta wa kusini kuna jozi iliyokumbatiana imesimama, mwanamke amemzungushia mwanamume mguu mmoja, na wote wawili wamefumba macho nusu. Hawakutazami. Hawamtazami yeyote. Watumishi pembeni wamegeuza shingo kuwapisha. Jiwe ni la rangi kati ya asali na waridi, na jua la saa tatu asubuhi likilipiga, mashavu yao yanaonekana kuwa na damu. Nilipoona nyuso zile ndipo picha za kwenye simu zikaniondoka, kwa sababu kwenye picha zile watu huwa wamekata nyuso.

Sitasema kila kitu ni kitakatifu cha namna hiyo. Kwenye jukwaa la hekalu la Lakshmana kuna ukanda mrefu wa jeshi linalosafiri, tembo, farasi, wanamuziki, na katikati ya msafara mambo ya wanajeshi walio mbali na nyumbani, mengine yanatisha. Mchongaji alilijua hilo: pembeni amemchonga mtu mmoja amejiziba uso kwa viganja. Ukiwa na watoto pita upande wa pili, na uwapeleke wakamwone nguruwe. Huyo ni Varaha, mungu Vishnu katika umbo la nguruwe, mwili mmoja wa jiwe wenye urefu wa mita 2.6, na ngozi yake yote, hadi masikio, imejaa miungu wadogo zaidi ya 670. Watoto watahesabu mpaka wachoke, nawe utapata dakika zako.

Mambo ya safari ni mepesi. Kuna treni kutoka Delhi na uwanja mdogo wa ndege. Kundi la magharibi tu ndilo lenye tiketi, na kwa mgeni ilikuwa rupia 600. Makundi mengine mawili ni bure. Nenda kati ya Novemba na Machi. Mei jiwe linachoma unyayo, na sehemu nyingi unavua viatu. Februari kuna tamasha la ngoma, limekuwepo tangu 1975, na vyumba hujaa. Wauza vitabu vya picha watakufuata wakikunong'oneza. Wajibu kwa heshima na uendelee kutembea.

Siku ya kwanza yote ipe magharibi. Ya pili, alfajiri, kodi baiskeli uende mashariki, kilomita chache tu, kwenye mahekalu ya Wajaini. Ndiyo nusu ya pili ya Khajuraho, na wageni wengi huiruka.

Hekalu la Parshvanatha ni la miaka ile ile ya Lakshmana, na kwa macho mafundi ni wale wale. Wanawake wake ndio wazuri kuliko wote wa Khajuraho: mmoja anapaka wanja, mmoja anafunga njuga mguuni, mmoja ameinua wayo nyuma na anachomoa mwiba. Juu ya ukuta wa Kijaini utamkuta Vishnu na Lakshmi, Rama na Sita, wanandoa wa kimungu wa dini ya jirani, wameshikana mabega. Lakini zile sanamu za kujamiiana za kule magharibi hazipo. Mkumbatio umeruhusiwa, zaidi ya hapo mlango umefungwa.

Ukitoka hapo ingia hekalu la Shantinatha, lililo ua uleule. Ndani kuna sanamu ya mwalimu wa Kijaini, urefu wake mita 4.5, ya karibu mwaka 1028. Yu uchi. Wajaini wa hapa ni wa tawi la Digambara, wale ambao watawa wao huacha hata nguo. Mikono imeshuka wima bila kugusa mapaja, macho yametulia, hana kidani, hana hirizi, hana chochote. Jana umetazama uchi wa watu wanaotakana, leo unatazama uchi wa mtu asiyetaka kitu, na mji ni mmoja, jiwe ni la aina moja, karne ni moja. Waliojenga walikuwa majirani. Hakuna ndege wala treni inayoweza kukupa ulinganisho huo. Hapa ni mwendo wa baiskeli.

Kabla ya kuondoka rudi mlangoni kwa Parshvanatha. Kwenye jiwe kuna maandishi ya mtu aliyeitwa Pahila, ya mwaka 954 au 955, anayelipatia hekalu zawadi ya bustani na kuomba kwamba ukoo wowote utakaotawala baadaye uzilinde, naye atakuwa mtumishi wa watumishi wa atakayefanya hivyo. Na pale mlangoni pia utaona visanduku 16 vimekwaruzwa, vinne kwa vinne, vina tarakimu za kale. Mstari wa juu ni 7, 12, 1, 14. Unaofuata ni 2, 13, 8, 11. Kisha 16, 3, 10, 5, na wa mwisho 9, 6, 15, 4. Jumlisha kwenda kulia, jumlisha kushuka, jumlisha mshazari, jumlisha vinne vya kona moja. Mzee wa Kijaini aliyekuwa anafagia kizingiti alinisubiri nimalize kwa vidole, kisha akaniuliza nimepata ngapi. Nilimwambia 34. Akatikisa kichwa kuafiki, akaendelea kufagia.